Maji ya Mbele ya Jukwaa Yalivyoanza Muyinga

Siku niliyorudisha funguo za stoo, Anjela aliyechukua nafasi yangu alikagua vifaa kimoja kimoja, bila haraka, jambo lililonifurahisha. Alipofika kwenye piketi akasita. Piketi ni ile fito ya chuma tunayoipigilia ardhini na kuifunga waya, ili umeme ukipotea njia uende chini badala ya kupita mwilini mwa mtu. Alikuta mbili.

"Madamu Zaituni, jenereta iko moja. Piketi mbili ni za nini? Na hii ya rangi nyekundu haina hata fasi ya kufunga waya."

Nilimwambia ni habari ndefu, nitamwandikia. Ndiyo hii. Naiandika kwa ajili yake na kwa wenzangu wote mnaobaki na nyaya. Anayetafuta humu vyeo na mishahara atachoka bure, kwa kuwa hayo niliyasahau mapema ili niweze kufanya kazi.

Nilizaliwa Muyinga mjini, katika familia ya Kiislamu iliyoishi kwa ufundi. Baba alitengeneza redio karibu na soko. Kaka zangu walipenda biashara ya mpakani, mimi nikabaki na harufu ya lehemu. Nilipokuwa msichana mkubwa niliweza kufungua redio, kuitandaza mezani na kuirudisha bila skrubu kubaki, na baba alikuwa akiwaonyesha wateja mikono yangu kana kwamba aliinunua dukani. Kisha akasikia kwamba Gitega kuna nyumba inayokodisha spika kwa harusi na mikutano, na fundi wao mkuu anatafuta mtu wa kumfundisha. Akanipeleka mwenyewe.

Fundi huyo aliitwa Mzee Baltazari. Alijifunzia kazi Mutoyi, kwenye misheni, akitunza vipaza sauti vya kanisa, na maisha yake yote alipima sauti kwa kipimo kimoja tu: bibi aliyekaa benchi la mwisho amesikia au hakusikia. Siku ya kwanza nilidhani atanikalisha kwenye mixa, ile meza yenye vifungo vingi. Alinipa waya nikunje. Nilikunja waya majuma matatu. Kila nilipokosea mzunguko aliufungua wote na kunirudishia.

"We unafunga mbuzi," alisema. "Hii ni waya. Kesho utaifungua na haraka, na itakuwa imejifunga yenyewe."

Jambo la pili alilonifundisha lilikuwa bidoni. Kila safari tulibeba bidoni moja ya lita ishirini iliyojaa maji, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Wakati wa kiangazi udongo wetu hukauka ukawa tofali, na piketi kwenye udongo mkavu ni sawa na msumari ukutani, umeme hauna pa kwenda. Kwa hiyo unapigilia piketi hadi ibaki kiganja kimoja juu, unamwaga maji taratibu kuizunguka, unasubiri, unaongeza. Siku moja nilitaka kutawadha nikamwomba kidogo. Alikataa. "Hii maji si ya mtu. Iko ya ardhi. Tafuta ingine." Nikaenda kutafuta kwa jirani, nikiwa nimenuna.

Miaka mingi ilipita hivyo, harusi baada ya harusi, kabla wanamuziki wa rock hawajatufikia. Walikuja na vijana waliorudi kutoka Tanzania. Walizaliwa au kukulia kwenye kambi za wakimbizi, wakarudi na Kiswahili kilichonyooka, magitaa ya mitumba na sauti kubwa kuliko vifaa vyetu. Kundi lililodumu liliitwa Umuravyo, yaani radi imulikayo. Mwimbaji wao, Revokati, alikuwa mkulima wiki nzima na mpiga kelele Jumamosi, mtu mpole kupita kiasi akiwa chini ya jukwaa. Mzee Baltazari aliwasikiliza mara moja, akasema bibi wa benchi la mwisho atasikia, ila hatapenda.

Hapa ndipo nilipoanza kuona jinsi desturi za mashabiki zinavyozaliwa. Vitabuni huenda zina asili nzuri zaidi. Mimi nilizozishuhudia zilitokana na hitilafu. Mashabiki wa Umuravyo hunyamaza kimya kabla ya wimbo wa tatu, mpaka mgeni anadhani kuna msiba. Chanzo chake ni gitaa la besi lililokuwa na kigingi kibovu, likilegea kila baada ya nyimbo mbili, na mpigaji alihitaji utulivu ili alikaze. Wanainua simu zenye taa wakati wa wimbo wa polepole. Hilo lilianzia katika ukumbi mmoja wa Gitega usio na madirisha, fyuzi ilipokatika nami nikaomba wanimulikie. Fyuzi ilipokaa sawa wimbo uliofuata ulikuwa wa polepole, basi. Revokati mwenyewe huimba peku, na nimesikia watu wazima wakieleza kwamba anaheshimu udongo wa nchi aliyorudishiwa. Aliniambia viatu vyake vya jukwaani vilimbana.

Sasa nifike kwenye maji.

Tulialikwa Muyinga, kwenye uwanja wa mpira, mchana, katikati ya kiangazi. Mzee Baltazari aliumwa mgongo akanituma niongoze peke yangu kwa mara ya kwanza. Kwa sababu ya mizigo mingine tulipitia Ngozi, na kabla ya Gashoho lori likachemka. Dereva alitazama huku na huku, kisha akaitazama bidoni. Nilimruhusu, akayamimina yote kwenye rejeta. Nilijiambia nitajaza tena Muyinga, kwetu, ninakojua kila bomba. Tulipofika, mabomba yote ninayoyajua yalikuwa makavu, na akina mama walikuwa wamepanga ndoo zao tangu asubuhi. Ningeweza kuomba. Saa zilikuwa zimekwenda, na sikutaka wanione nimekuja na lori zima la vifaa halafu naomba maji.

Ardhi ya uwanja ule ilikataa piketi. Nilipiga nyundo mpaka mikono ikafa ganzi, ikaingia kiasi cha nusu ya mkono wangu, imeinama. Nikaifunga waya. Kisha nikaenda kubadili kitambaa cha kichwa, maana baba alikuwa amefika na wazee wenzake watatu, wamewekewa viti mbele kabisa.

Walipoanza wimbo wa kwanza nilimwona Revokati anarudisha uso nyuma kila midomo yake ilipokaribia maikrofoni. Ana gitaa mkononi, yuko peku, maikrofoni ni ya chuma. Nilisogea pembeni ya jukwaa nikijifanya napanga waya, nikagusisha bisibisi ya kupimia kwenye mguu wa maikrofoni. Ile taa yake ndogo ikawaka. Moja ya amplifaya zetu za zamani ilikuwa inavujisha umeme, na umeme ule haukuwa na pa kwenda ila kwake. Nilirudi mahali pangu. Sikuzima.

Piketi ilikuwa mbele ya jukwaa, upande wa kushoto, hatua mbili kutoka kwa vijana wa mstari wa kwanza. Karibu kila mmoja alikuwa na chupa ya maji, kwa lile jua. Niliwaendea.

"Mwageni maji hapa," niliwaambia. "Hapa kwenye chuma. Yote."

"Madamu, ni juu ya nini tunamwanga maji?" mmoja akauliza. "Si tutakufa na kiu?"

Ningesema kweli, angeisikia wa pili, na wa tatu angeipeleka hadi kwenye viti vya wazee. Kwa hiyo nilisema neno la kwanza lililonijia. "Iko desturi ya hawa wanamuziki. Udongo unakunywa kwanza, ndiyo sauti inatoka."

Walicheka, kisha wakamwaga. Kumi, ishirini, wakawa wanapokezana chupa kutoka nyuma. Nilipiga piketi nyundo tena ikashuka, nikaona udongo unageuka rangi. Wimbo wa pili ulikuwa katikati. Revokati aliisogelea maikrofoni kwa wasiwasi, akaigusa, akaona kimya, akaikumbatia na kuachia sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo. Uwanja mzima ulinguruma. Wale vijana walitazamana, chupa tupu mikononi. Walichoona ni kwamba wamenywesha udongo na sauti ikatoka.

Mwisho wa tamasha baba alinishika mkono mbele ya wazee wenzake. Alifurahi mno. Nilitamani ardhi hiyo hiyo inimeze.

Gitega, Mzee Baltazari alinisikiliza hadi mwisho huku akipanga misumari.

"Ile maji ya bidoni ilienda wapi?"

"Kwenye rejeta, mzee."

"Bon. Kuna mtu amekufa?"

"Hapana."

"Donc uko na bahati. Akili bado." Akaendelea na misumari. Baadaye aliongeza kwamba siku nitakaposema jambo lile, nisiseme nusu. Alifariki miaka michache baadaye bila kulitaja tena.

Tamasha lililofuata lilikuwa Gitega, na mashabiki kutoka Muyinga walikuja na chupa. Waliwaonyesha wenyeji. Lililofuata, watu walikuja na vibuyu. Wakatia chumvi: ni lazima unywe funda moja kwanza, umwage kwa mkono wa kushoto, usivae kofia. Sababu nazo hazikukosekana. Wengine walisema ni kuwakumbuka waliofia njiani wakati wa kukimbia. Mtangazaji mmoja alieleza kwa kirefu kwamba ndivyo wafanyavyo Ulaya kwenye matamasha makubwa, na kijana wa Muyinga akamjibu kwamba hao wa Ulaya ndio walioiga kutoka Muyinga.

Mimi nilikuwa na shida nyingine kabisa. Maji mengi kiasi kile mbele ya jukwaa, karibu na nyaya, yangeua mtu. Kwa hiyo nilichukua piketi nyingine, nikaipaka rangi nyekundu, nikaipigilia mbele mahali pa wazi, mbali na waya wowote. Ile ya kweli nikaihamishia nyuma ya jukwaa, nikainywesha mwenyewe kutoka kwenye bidoni kabla ya yote. Na hilo, Anjela, ndilo jibu la swali lako. Kwa miaka mingi umati wa watu wenye akili zao umemwaga maji kwenye chuma kisichounganishwa na kitu chochote, na mimi ndiye niliyekichomeka kila mara, nikijitia hamnazo.

Ningestaafu hivyo hivyo kama Revokati asingepata mchumba.

Alikuja nyumbani kwangu mwaka wangu wa mwisho kazini, asubuhi, amevaa shati la kanisani. Alikaa kwenye ukingo wa kiti.

"Shikamoo mama. Nimekuja na tatizo."

"Marahaba mwanangu. Sema."

Kanisa lake lilikataa kumfungisha ndoa. Wazee wa kanisa walisema kumwaga kinywaji ardhini ni kutambikia mizimu, na yeye ndiye anayesimama mbele kuongoza ibada hiyo. Aliwaomba mashabiki waache, mara mbili, kwenye maikrofoni. Walidhani ni sehemu ya onyesho, wakamwaga zaidi. Lakini kilichomuumiza kilikuwa mama yake. Yule mama alimlea peke yake kambini, kwa sala na kwa jembe, na sasa alikuwa ameacha kula nyumbani kwa mwanawe, na alikuwa amekataa kuwapokea wazazi wa binti.

"Anasema alinivusha mpaka mara mbili, asinivushe tena kwa shetani," Revokati alisema. "Mama, wewe ulikuwepo tangu mwanzo. Naomba uje uwaambie tu kwamba si mimi niliyeanzisha. Neno hilo moja linanitosha."

Neno hilo moja lingenitosha na mimi. Nieleze bila kujipamba: nilifurahi. Ningekwenda, ningeapa kwamba si yeye, walianza vijana wa Muyinga, na ingekuwa kweli kwa namna fulani, kisha ningerudi nyumbani na jina langu zima. Usiku ule nililala vizuri. Asubuhi nilipokuwa natafuta viatu nilikumbuka Mzee Baltazari na misumari yake, na furaha ikaniisha.

Tulikaa kwenye chumba nyuma ya kanisa. Mchungaji, wazee wawili, Revokati, na mama yake, mwanamke mwembamba aliyenyooka, ameshika Biblia mapajani bila kuifungua. Mchungaji alikuwa mtu wa Gitega na hakuzunguka.

"Madamu, we ulikuwako. Hii mambo ya maji, nani alianzisha?"

"Ni mimi."

Mzee mmoja akaguna, "Mwislamu anatambika?" Mchungaji akamnyamazisha kwa mkono. Nikaeleza yote. Rejeta, bomba kavu, piketi iliyoinama, taa ya bisibisi, uwongo niliowaambia vijana. Nikaeleza na chuma chekundu. Nilisema hakuna mzimu popote, kuna amplifaya mbovu na fundi mwenye kiburi. Walipohitaji kuelewa umeme unavyopita niliwachorea kwenye karatasi ya matangazo.

Mchungaji alianza kutabasamu. Mama Revokati hakutabasamu.

"Naomba kuelewa," alisema. "Mwanangu alikuwa peku."

"Ndiyo, mama."

"Na ule umeme ulikuwa unampiga mdomoni."

"Ndiyo."

"Ungeweza kumuua?"

"Ungeweza."

"Wewe ulijua kwa muda gani kabla maji hayajamwagwa?"

Sikuwa nimewahi kupima. Nilifikiri. "Wimbo mmoja na nusu."

"Hakukuwa na pa kuzimia?"

"Palikuwapo. Kifungo kilikuwa karibu na mkono wangu."

"Mbona hukuzima?"

"Niliona aibu, mama. Baba yangu alikuwa amekaa mbele."

Aliitazama mikono yangu, ile ambayo baba alikuwa akiwaonyesha wateja, nami nikaiona mibaya. Hatimaye mchungaji akakohoa, akatamka kwamba kanisa limeridhika, hakuna ibada ya mizimu, harusi itangazwe. Wazee wakapeana mikono. Mama Revokati aliinuka, akapita mbele yangu kama anavyopita mtu mbele ya kiti.

Nje Revokati alinifuata. Nilitarajia hasira na nilikuwa tayari kuipokea.

"Nilidhani ni woga," alisema. "Siku ile Muyinga. Nilidhani ndivyo woga wa jukwaa ulivyo, unauma mdomoni. Nikasubiri urudi, haukurudi. Nikajiona shujaa miaka yote hii." Alicheka kidogo, bila furaha, akanishukuru kwa kuja, akaondoka.

Nililia njia nzima.

Sikutegemea kuitwa tena na familia ile. Nyumba za spika Gitega siku hizi ni nyingi, na vijana wake wana vifaa vipya. Wiki mbili baadaye Revokati alipiga simu. Sherehe itakuwa uwanjani kwao, mchana, baada ya ibada, na mama yake ametaka niwe mimi. Nilimuuliza kama ana hakika. "Amesema Madamu Zaituni mwenyewe, asitume mtu," alinijibu. Nilibeba piketi moja tu.

Nilipofika mama yake alikuwa ameshatoka kanisani kabla ya watu wote, bado na vitenge vyake vya sherehe. Hakunipa mkono. Alisimama nilipokuwa nimepiga goti na nyundo, kivuli chake juu ya mikono yangu.

"Inatakiwa iingie kiasi gani?"

"Ibaki kiganja kimoja."

Alisubiri hadi ilipobaki kiganja kimoja. Akainama, akapima kwa kiganja chake. Nilimwaga maji ya bidoni taratibu, udongo ukayanywa, nikaongeza. Nilipomaliza alisema, "Bado." Akaingia ndani akatoka na bidoni yake mwenyewe, kaibeba kiunoni, akaimwaga yote. Wageni walikuwa wameanza kufika na kukaa. Sijui walidhani wanaona nini.

Niliwasha jenereta, nikawasha mixa, nikapima mguu wa maikrofoni kwa bisibisi. Haikuwaka. Nilimwonyesha. Aliitazama bisibisi. Maharusi waliingia, vigelegele vikapigwa, wakaketi. Mshereheshaji alimwita Revokati aseme neno, naye akainuka, akavua viatu kwa mazoea yake, akaanza kuja.

Mama yake alimwahi. Alivua viatu vyake vyeupe, akavipanga pembeni. Akasimama na nyayo zake pale kwenye udongo uliolowa, akaishika maikrofoni kwa mikono miwili, akaisogeza midomoni mpaka ikagusa, na akakaa hivyo. Watu walingoja hotuba. Tulisikia pumzi zake tu, kwenye spika zote mbili, na nina hakika zilifika hadi benchi la mwisho. Mimi nilikuwa nimeweka kidole kwenye kifungo cha kuzimia.

Aliporidhika, aliigeuza na kumpa mwanawe.